Oda Iko Wapi Baada ya Kuibadili?

Miongozo mingi ya programu za kununua na kuuza hisa au fedha za kigeni inaeleza kitufe kilipo, dirisha linalofunguka ukikibonyeza na visanduku vya kujaza, halafu inaishia hapo. Kwa mtu anayeisoma akiwa Sanje, chini ya Udzungwa, mvua imeshaanza huko juu na mtandao unasuasua, kitufe si tatizo. Kitufe anakiona. Amebadili bei ya oda yake, skrini imeganda, na anataka kujua sokoni sasa hivi kuna nini: oda yake ya zamani, ile mpya, zote mbili, au hakuna hata moja?

Naandika miongozo ya programu kwa Kiswahili, na ninaamini mwongozo wa chombo cha kubadili oda uanzie kwenye swali hilo. Yote mengine mtumiaji anaweza kuyagundua mwenyewe kwa kubonyezabonyeza. Hili hawezi kuligundua, kwa sababu jibu lake halipo kwenye skrini. Lipo kwenye kompyuta ya soko, na pengine limepotelea njiani.

Oda iliyo wazi ni ahadi iliyokwisha kufika sokoni lakini haijapata mwenzake. Umesema unanunua hisa 1,000 kwa shilingi 500 kila moja. Labda hakuna aliyetaka kuuza kwa bei hiyo, au amejitokeza mwenye hisa 400 tu, na 600 zilizobaki zinasubiri. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam kusubiri namna hiyo ni jambo la kawaida. Soko lilianza biashara tarehe 15 Aprili 1998 likiwa na kampuni moja, TOL. Baadaye zikaja nyingine kubwa, NMB mwaka 2008, CRDB mwaka 2009, Vodacom mwaka 2017, lakini hadi leo zipo hisa ambazo siku zinapita bila kuuzwa hata moja. Oda inalala, inaamka, inalala tena. Mwenye oda anakosa subira, au anasikia habari mpya kuhusu kampuni, au ada ya shule inamfika shingoni, na anataka kuibadili.

Zamani alimpigia dalali. Kabla soko halijaingia kwenye mfumo wa kompyuta mwishoni mwa mwaka 2006, madalali walikutana ukumbini ana kwa ana, na hata baada ya kompyuta kuja, mteja wa kawaida aliendelea kupitia kwa dalali wake kwa simu au kwa kufika ofisini. Dalali mzuri ndiye aliyekuwa mwongozo wenyewe. Ukimwambia punguza ziwe 700, anakuuliza kwanza kama umehesabu zile zilizokwisha kupatikana. Ukimwambia panda bei, anakukumbusha kwamba utapoteza nafasi yako. Sasa simu ya mkononi imemleta mteja karibu na soko, jambo ninalolishangilia kwa moyo wote, kwa maana mkulima wa bonde hili la Kilombero hana haja ya kupanda basi hadi Dar es Salaam kwa ajili ya hisa 200. Lakini maswali ya yule dalali hayakuja pamoja na programu. Nani atayauliza sasa? Ni mwongozo, na kama mwongozo hauyaulizi basi hayaulizwi.

Niliona ukubwa wa pengo hili siku niliyokaa Sanje na mama mmoja, mkulima wa miwa wa nje, nikimsomesha rasimu ya mwongozo wa kubadili oda. Ni mtu wa hesabu: msimu wa miwa unamlazimisha kujua tani zake, makato yake na kilichobaki. Alisoma kwa sauti, taratibu, kidole kwenye mstari. Alipofika penye sentensi "Weka idadi mpya ya hisa", akasimama.

"Mwanangu, hizo nilizokwisha kuzipata zimo humu au hazimo?"

"Zipi, mama?"

"Umesema niliomba 1,000, nikapata 400. Sasa nataka jumla yangu iwe 700. Niandike 700 au niandike 300?"

Wahandisi walioitengeneza programu walikuwa wamepitia sentensi ile bila kuigusa. Kwao jibu lilikuwa wazi mno hata kuliandika wakaona ni kupoteza wino. Katika FIX, lugha ambayo mitambo ya masoko mengi duniani hutumia kuzungumza na mitambo ya madalali, na iliyoanzia mwaka 1992 kati ya Fidelity na Salomon Brothers, idadi inayotajwa wakati wa kubadili oda ni jumla yote, pamoja na zilizokwisha kununuliwa. Ukiandika 700 na umeshapata 400, zinabaki 300 zikisubiri. Ukiandika 300 ukidhani ndizo unazoongeza, umetaja jumla iliyo ndogo kuliko ulichonacho tayari, na hapo mifumo inatofautiana: mmoja utalikataa ombi, mwingine utaifunga oda na kuachana na zilizobaki. Zipo pia programu za simu ambazo watengenezaji wake wameamua kumwonyesha mtumiaji zilizobaki peke yake, kisha programu inajumlisha kimyakimya kabla ya kupeleka ombi. Njia zote mbili zinafaa. Kisichofaa ni kumwacha mtu akisie, kwa sababu atakayekisia vibaya anaweza kuingia sokoni na oda tofauti na aliyoikusudia, bila ujumbe wowote wa kosa wa kumwonya. Kwa macho ya mfumo hakukosea kitu.

Sentensi ya rasimu ikabadilika ikawa mfano kamili wenye namba hizo hizo, 1,000 na 400 na 700, na chini yake mstari unaoonyesha orodha ya oda itasomekaje baada ya badiliko kukubaliwa. Ilichukua nafasi mara nne ya ile ya kwanza. Mhariri akisema ndefu, nitaitetea.

Jambo la foleni ni gumu zaidi kulieleza, na ndilo lenye gharama iliyofichika. Masoko mengi ya hisa, letu likiwamo, hupanga oda kwa bei kwanza, halafu kwa muda. Mwenye bei nzuri hutangulia, na wenye bei sawa hufuatana kwa aliyewahi. Ukigusa oda yako, je, unabaki na nafasi yako? Kanuni iliyozoeleka katika masoko makubwa ni kwamba ukipunguza idadi unabaki ulipo, ukiongeza idadi au kubadili bei unarudi mwisho wa mstari. Anayepeleka mpunga kwenye mashine ya kukoboa Ifakara wakati wa mavuno anaielewa kanuni hii bila kufundishwa: ukiondoa magunia mawili kwenye fungu lako hakuna atakayelalamika, lakini ukileta mengine matano na kutaka yapite kwa zamu yako ya asubuhi, waliokaa nyuma yako watasimama.

Kwenye soko lenye wanunuzi na wauzaji maelfu kwa dakika, kurudi nyuma ya foleni kunaweza kumgharimu mtu sehemu ya sekunde. Kwenye hisa ambayo hapa kwetu inabadilishana mikono mara chache kwa wiki, kunaweza kumgharimu siku kadhaa, au hata kumkosesha muuzaji pekee aliyejitokeza mwezi huo. Kwa hiyo maelezo ambayo mwandishi wa New York angeyatupa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo, hapa yanastahili kukaa juu kabisa, kabla mtu hajafundishwa kubonyeza chochote. Mwandishi asinakili kanuni ya soko jingine akidhani ni ile ile. Aipate ya soko lake, kwa maandishi, kutoka kwa wenye soko, na aandike tarehe aliyoipata.

Vijana wengi ninaozungumza nao barabara hii ya Kidatu hadi Ifakara hawaanzii kwenye hisa. Wanaanzia kwenye foreksi, yaani biashara ya fedha za kigeni, na chombo wanachokijua ni MetaTrader. Kabla ya lolote, mtu aulize leseni ya anayepokea fedha zake, kwani si kila tangazo la simu lina mwenye dhamana nyuma yake. Hilo likishasemwa, MetaTrader ni mahali pazuri pa kujifunzia uandishi wa miongozo, kwa wema wake na kwa upungufu wake.

Toleo la 4, lililotoka mwaka 2005, lina amri moja ya kubadili oda, OrderModify. Unaipa namba ya tiketi, bei, kikomo cha hasara, kikomo cha faida, muda wa oda kuisha, na hata rangi ya mshale kwenye chati. Maelezo yake rasmi yanasema waziwazi kwamba bei na muda wa kuisha vinabadilika kwa oda inayosubiri tu. Biashara iliyokwisha kufunguka unaibadilia vikomo vyake peke yake. Yanasema pia kwamba ukiiletea thamani zile zile zilizokuwapo, utapata kosa namba 1. Mpaka hapo ni kazi safi. Tatizo linaanza unapoifuata namba 1 kwenye orodha ya makosa. Pale imeelezwa kuwa hakuna kosa lililorudishwa lakini matokeo hayajulikani. Mwenye fedha zake ndani akisoma maneno hayo saa nne usiku atafanya nini? Atabonyeza tena, na tena. Kumbe hakuna lililoharibika. Alichokiomba ndicho kilichokuwapo tayari. Ukweli wote umeandikwa, ila nusu yake iko kwenye ukurasa wa amri na nusu kwenye ukurasa wa makosa, na msomaji anatakiwa aiunganishe mwenyewe akiwa na wasiwasi. Katika toleo la 5 hali hiyo hiyo ilipewa namba yake, 10025, yenye maelezo kwamba ombi halina badiliko lolote. Afadhali zaidi.

Namba 145 inafundisha jambo jingine. Inatokea pale unapotaka kubadili oda ambayo bei ya soko imeshaikaribia mno, ikafungwa kwa kuwa inaweza kutekelezwa wakati wowote. Mtumiaji anaiona kama programu imemkatalia haki yake. Mwongozo umweleze kwamba kuna mashindano kati ya ombi lake na soko, na kwamba ombi lake linaweza kushindwa kihalali. Nimeona mafunzo ya foreksi yanayomwahidi mtu kwamba anaweza kubadili oda wakati wowote. Si kweli, na anayeandika hivyo anamwandalia mwenzake hasara.

Halafu kuna 128, muda umekwisha bila jibu. Huyu ndiye mgeni wa kila siku Sanje. Maelezo ya MetaTrader hapa yameandikwa vizuri kuliko mengi niliyoyaona: yanashauri kwamba kabla ya kujaribu tena, baada ya angalau dakika moja kupita, uhakikishe kwanza kwamba ombi lako halikufanikiwa kimyakimya. Yaani ukimya si kukataliwa. Ombi linaweza kufika, likatekelezwa, na jibu likapotea wakati wa kurudi. Kwa Kiswahili ningeliandika hivi, na ningeliweka kwenye ukurasa wa kwanza:

"Ukiona ujumbe kwamba muda umekwisha, usibonyeze tena. Subiri dakika moja. Fungua orodha ya oda zako, itafute kwa namba ya tiketi, soma bei iliyopo. Ikiwa ni bei mpya, badiliko limepita na kazi imekwisha. Ikiwa ni ya zamani, ombi halikupita na unaweza kujaribu tena. Ikiwa oda haipo kwenye orodha, angalia kwenye historia: huenda imetekelezwa au imeisha muda wake."

Aya hiyo haiwezi kuandikwa bila kujua kitu ambacho mwandishi lazima amuulize mhandisi: je, namba ya oda inabaki ile ile baada ya kubadilishwa? Kwenye MetaTrader 4 tiketi inabaki. Kwenye FIX kila ombi la kubadili linabeba namba mpya na linataja namba ya ombi lililotangulia, mnyororo unaorudi hadi oda ya kwanza. Utaratibu huo una faida kubwa mtandao ukiwa mbovu. Ombi la pili likitaja namba ambayo tayari imeshapitwa, soko linalikataa, na oda haibadilishwi mara mbili. Lakini mtumiaji anayetafuta namba yake ya asubuhi huenda asiione jioni, na kama hajaambiwa ataamini oda yake imepotea, ataweka nyingine, na kesho yake ana mbili.

Hapo ndipo ninapowashauri watu waache tabia ya kufuta oda kisha kuweka mpya badala ya kuibadili. Kwa mtandao imara tofauti ni ndogo. Kwa mtandao unaokatika, kufuta na kuweka upya ni maombi mawili, na kila moja linaweza kupotea peke yake. Unaweza kubaki bila oda, au ukabaki na mbili. Badiliko ni ombi moja: likipotea, ya zamani ipo palepale. Isipokuwa programu yenyewe inafanya kufuta na kuweka upya ndani kwa ndani huku ikimwonyesha mtumiaji neno "badili", na zipo zinazofanya hivyo. Mwongozo uliseme hilo wazi.

Gharama ya oda isiyobadilika wala kufutika inajulikana. Tarehe 8 Desemba 2005, siku ambayo hisa za kampuni ya J-Com ziliingia sokoni Tokyo, mfanyakazi wa kampuni ya udalali ya Mizuho Securities aliyetakiwa kuuza hisa 1 kwa yeni 610,000 aliandika kuuza hisa 610,000 kwa yeni 1. Kampuni nzima ilikuwa na hisa 14,500 tu. Onyo lilitokea kwenye skrini likapitwa. Kosa lilipogunduliwa, Mizuho walituma maombi ya kuifuta oda, na maombi hayakufua dafu kwa sababu ya kasoro ndani ya mfumo wa soko lenyewe, huku wanunuzi wakizidi kuchukua. Hasara ilifika takriban yeni bilioni 40. Mwaka 2009 mahakama ya Tokyo iliamuru soko lilipe sehemu, yeni bilioni 10.7. Watu hukumbuka kidole kilichoteleza. Mimi naona zaidi dakika zile za maombi yasiyojibiwa, wakati oda iliyo wazi iliendelea kula fedha na aliyeituma hana namna ya kuishika.

Na upande wa maandishi ya ndani ya kampuni kuna Knight Capital, kampuni ya Marekani ya biashara ya hisa, tarehe 1 Agosti 2012. Programu mpya iliwekwa kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane ikabaki na msimbo wa zamani uliokwisha kuachwa kutumika, msimbo ambao haukujua tena kuhesabu oda zilizokwisha kutimia, ukaendelea kutuma nyingine. Kwa dakika 45 kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Wasimamizi wa masoko wa Marekani, walipoitoza faini ya dola milioni 12 mwaka uliofuata, walitaja miongoni mwa mapungufu kwamba hapakuwa na utaratibu wa maandishi wa kumtaka fundi wa pili akague kazi ile. Ukurasa mmoja haukuandikwa.

Wapo watakaosema hayo ni ya Tokyo na New York, bonde letu lina miwa na mpunga. Waende Mbingu, mbele ya Ifakara, waulize bei ya kakao. Mwezi Machi 2024 bei ya mikataba ya kakao New York ilivuka dola 10,000 kwa tani kwa mara ya kwanza, na mkulima wa Kilombero alikuwa na kila sababu ya kuifuatilia. Bei ile hutengenezwa na oda zinazowekwa, kubadilishwa na kufutwa mchana kutwa. Mwenye zao anayo haki ya kuelewa chombo kinachotengeneza bei yake, na haki hiyo haitimii kwa mwongozo wa lugha asiyoisoma.

Ndiyo maana tafsiri ya harakaharaka hainiridhishi. Nimekabidhiwa miongozo iliyogeuzwa Kiswahili neno kwa neno na kampuni moja iliyodhani kazi imekwisha. Ilikuwa inasomeka, lakini maswali ya yule mama wa Sanje hayakuwamo, kwa kuwa hayakuwamo hata kwenye ile ya Kiingereza. Mwongozo wa huku unahitaji kuandikwa upya kutoka kwenye programu yenyewe, mwandishi akiwa na akaunti ya majaribio mkononi na mhandisi aliye tayari kujibu simu.

Jaribio ninalolipendekeza kwa kila kampuni ya udalali inayoleta programu ya simu ni jepesi na halina gharama. Kwenye akaunti ya majaribio, mpe mtu asiye wa ofisini oda iliyotimia nusu. Mwambie abadili bei na idadi. Mara tu anapobonyeza, zima data. Mpe mwongozo, usimwambie neno, washa data baada ya dakika mbili, kisha muulize sokoni ana oda ngapi, kwa bei gani, na zimebaki hisa ngapi. Andika alichojibu pamoja na ukurasa aliokuwa ameufungua. Kama amekosea, ukurasa huo ndio wa kuandikwa upya, na programu isiingie sokoni kabla mtu mwingine hajausoma na kujibu sawasawa.